Shilingi Wanayoililia Waingereza

Jumatatu ya tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilibadili hesabu ya pesa zake. Hadi wiki ile pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12, yaani peni 240 kwa pauni. Kuanzia asubuhi ile pauni ikawa na peni 100, basi. Shilingi ikakosa kazi katika nchi iliyoizaa. Leo anayetaka kununua mkate kwa shilingi aende Mombasa, Tanga, Kampala au Mogadishu. Na kijana wa Nairobi anayeomba "bob hamsini" anaiita shilingi kwa jina la mtaani ambalo wazee wa London walikua nalo, ila wajukuu wao hawana tena sarafu ya kulibeba.

Wapo Waingereza wengi, hasa waliozaliwa kabla ya 1960, wanaoililia shilingi ile. Hawaililii peke yake. Huitaja pamoja na ratili na wakia, inchi na maili, galoni na painti, na mazungumzo yakikolea hufika shuleni: madawati ya mbao yenye kidau cha wino, jedwali la kuzidisha lililoimbwa na darasa zima, mwalimu mwenye joho na fimbo, maziwa ya bure saa ya mapumziko. Kwao yote hayo ni zama moja, utaratibu mmoja mwema uliovunjwa na watu wa maofisini.

Mswahili hawezi kukisikia kilio hicho kama kisichomhusu. Na sisi tuna wazee wanaokumbuka senti kumi yenye tundu katikati, kibaba na pishi, na darasa la nane la mkoloni ambalo, wanasema, lilimtoa mtu akijua mengi kuliko mhitimu wa chuo wa leo. Vilio hivi viwili ni ndugu, maana baadhi ya vitu vinavyoliliwa vilitoka mikononi mwa watawala walewale. Lakini ukiviweka sambamba unaona kwamba pesa, vipimo na shule ni mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja, na kwamba mmoja kati yake haustahili machozi unayopewa.

Katika pesa, wazee wa Kiingereza wana haki kuliko wanavyopewa. Anayeicheka hesabu yao ya zamani hajaijaribu. Chukua kitambaa kinachouzwa shilingi 4 na peni 9 kwa yadi, na mama anataka yadi 7. Peni 9 mara 7 ni 63. Katika 63 mna 12 tano na zinabaki 3, basi hizo ni shilingi 5 na peni 3. Shilingi 4 mara 7 ni 28. Ongeza zile 5, zinakuwa 33. Toa 20 uzifanye pauni. Jibu ni pauni 1, shilingi 13 na peni 3. Mtoto wa miaka kumi alitakiwa alipate kichwani, na msichana wa dukani alilitamka huku mikono yake ikikunja kitambaa. Hakuna aliyemwita bingwa kwa kulijua. Ulikuwa ujuzi wa watu wote, wa kasri na wa vichochoroni, na ni haki mtu kusikitika ujuzi wa watu wote unapopotea.

Tena ndani ya ugumu ule mlikuwa na wepesi ambao hesabu ya mia haina. 240 hugawanyika bila baki kwa 3, kwa 6, kwa 8, kwa 12, kwa 15, kwa 16. Ndugu watatu walipogawana pauni ya zamani, kila mmoja aliondoka na shilingi 6 na peni 8 kamili. Wakigawana pauni ya leo, peni moja inabaki na haina mwenyewe. Ukivitafuta vigawanyo vyote, 240 ina 20, na 100 ina 9 tu. Mizizi ya hesabu hiyo ni Ulaya ya Charlemagne, karne ya 8, na iliwafaa watu ambao kazi yao kubwa na mali ilikuwa kuigawana.

Hapa msomaji wa pwani asimame kidogo, kwa sababu sisi hesabu ya namna hii hatujaizika. Ingia katika mahakama ya kadhi, Mombasa au Unguja, siku ya mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, baba, na watoto wa kiume na wa kike. Kadhi haigawi mali kwa mia. Anaifanya mafungu 24: mke thumni, ndiyo mafungu 3, mama sudusi, mafungu 4, baba sudusi, mafungu 4, yaliyobaki 13 ni ya watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mafungu yamekuwa 24 kwa sababu ileile iliyoifanya 240 ipendwe London: nane na sita zote zinaingia humo bila kuvunja kitu. Mwanafunzi wa faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu, anaelewa papo hapo kile ambacho mzee wa Kiingereza anakitamani. Tofauti ni kwamba hesabu ya faraidhi ina kazi. Kila anapokufa mtu, hesabu hiyo huitwa. Hesabu ya pauni, shilingi na peni ilipoachishwa kazi haikuwa na msiba wala ibada ya kuirudisha.

Waingereza wenyewe walisita sana kabla ya kuiacha. Florini yao ya kwanza, sarafu ya shilingi mbili, ilitoka mwaka 1849 kama sehemu ya kumi ya pauni, ili watu wazoee kuhesabu kwa makumi. Walichukua miaka 122 kukubali. Na hata walipokubali, sarafu ya peni sita ilitetewa na wananchi ikabaki mifukoni hadi 1980, ikihesabiwa peni mbili na nusu mpya, na shilingi za zamani zenye sura ya Mfalme George wa Sita zilipita kama peni tano hadi mwisho wa 1990. Halafu bei zikapanda vibaya. Mwaka 1975 mfumuko wa bei Uingereza ulipita asilimia 24. Mafuta ya petroli na mishahara vilihusika kuliko hesabu ya mia, lakini mtu aliyeona mkate ukipanda kila mwezi aliilaumu sarafu iliyokuwa mkononi mwake. Huzuni ile ilichanganyika na hasira ya kuibiwa, na mimi siwezi kuwalaumu.

Historia yetu ni nyingine kabisa. Sisi tulibadilishiwa hesabu mara nyingi mno hata tusipate muda wa kuipenda moja. Katika karne ya 19 pwani ilifanya biashara kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyoandikwa mwaka 1780 daima, hata ilipofuliwa miaka mia baadaye, na kwa rupia ya Bara Hindi. Wajerumani walileta rupia yao, kwanza ya pesa 64, kisha kuanzia 1904 ya heller 100, ndiyo hela tunayoitaja mpaka leo. Waingereza walipoishinda vita wakaunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London, mwaka 1919. Kenya na Uganda zikapewa florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaja shilingi ya senti 100. Unguja ikakaa na rupia yake hadi 1936. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1890 angeweza, kabla ya kutimiza miaka 35, kulipa kwa riale, kwa rupia ya pesa 64, kwa hela ya Wajerumani na kwa shilingi. Huyo ungemwambia alilie ipi?

Msomaji ameona jambo katika tarehe hizo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100 tangu 1921. Waingereza walituletea shilingi ya makumi miaka 50 kabla ya kuikubali hesabu hiyo kwao. Mtoto wa Kiingereza wa 1950 alikuwa bado anahangaika na peni 12 na shilingi 20 wakati mtoto wa Mwanza anaongeza senti kwa mia. Na bado, ukiligeuza daftari la shule la Afrika Mashariki, nyuma yake utaona jedwali la kuzidisha likienda hadi mara 12, urithi wa shilingi ya peni 12 ambayo sisi hatukuwa nayo. England nako jedwali halijarudi kwenye kumi: tangu 2022 watoto wote wa miaka minane na tisa katika shule za serikali hupimwa kwa lazima jedwali hadi 12 mara 12. Sarafu imeondoka, jedwali lake limebaki.

Lakini shilingi ile haikuja na baraka. Mwaka huohuo wa 1921 walowezi wa Kenya walipunguza ujira wa Waafrika, na uchungu huo ni miongoni mwa mambo yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku sauti. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiwe ulipigwa risasi. Mbali na hilo ilikuwapo kodi, ya nyumba na ya kichwa, ambayo ilitakiwa kwa sarafu, na sarafu haikupatikana ila kwa kwenda kumfanyia mtu kazi. Kwa mtoto wa Manchester shilingi ya 1938 ilikuwa peremende na tiketi ya sinema. Kwa babu wa Murang'a au wa Kisarawe ilikuwa sehemu ya kodi ya kichwa, na siku alizokuwa mbali na shamba lake. Sarafu mbili zenye sura ya mfalme mmoja, na kumbukumbu mbili ambazo hazikutani popote. Mwingereza anayesema zama za shilingi zilikuwa njema anasema kweli kuhusu utoto wake, na hapo ndipo ukweli wake unapoishia.

Ilipofika 1966, nchi zetu tatu zilijitoa katika bodi ile ya London zikaanzisha benki kuu na sarafu zao wenyewe. Ghana ilikuwa imekwisha chagua sedi mwaka 1965, Zambia ikachagua kwacha 1968, Nigeria naira 1973. Kenya, Uganda na Tanzania zikaendelea kuiita pesa yao shilingi. Kenya ilizidi: kwa miaka mingi baada ya uhuru bajeti ya serikali yake ilisomwa kwa pauni za Kenya, kila moja shilingi 20, wakati London kwenyewe hesabu hiyo imekufa. Haikuwa mapenzi kwa mkoloni. Watu walikuwa wameizoea, wakaiweka nembo yao, wakaendelea na shughuli.

Katika vipimo, tofauti hii kati ya kupenda na kuzoea inaonekana wazi zaidi. Uingereza ilitunga sheria ya vipimo vyake vya kifalme mwaka 1824, na kuanzia 1965 serikali ikaamua kuelekea kilo na mita. Safari hiyo haijafika mwisho: barabara zao bado zinapimwa kwa maili, bia ya pipa bado inauzwa kwa painti, na mtu akiulizwa uzito wake bado hutaja mawe, kila jiwe ratili 14. Mwaka 2000 muuza matunda wa Sunderland, Steve Thoburn, alinyang'anywa mizani kwa sababu ilipima ndizi kwa ratili peke yake, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Magazeti yakamfanya shahidi wa dini. Kuanzia hapo ratili ikawa bendera ya waliotaka kutoka Umoja wa Ulaya, na painti ikawa ishara ya uhuru wa taifa. Mwaka 2022 serikali ya Boris Johnson iliwauliza wananchi kama wanataka vipimo vya zamani virudishwe sokoni. Walijibu zaidi ya 100,000, na asilimia 98.7 kati yao wakasema kilo na lita ziendelee kutumika, ama peke yake ama zikitangulia. Kilichopatikana mwishoni, Desemba 2023, ni ruhusa ya kuuza divai katika chupa za painti.

Matokeo hayo yanafundisha mengi. Wanaovitaja vipimo hivyo kwa mapenzi ni wengi. Wanaotaka kupimiwa sukari kwa vipimo hivyo ni wachache sana. Walichokitaka wale wengi ni kutambuliwa kwamba walikuwapo.

Sasa itazame pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, na watoto wetu wote wanakijua kibaba kwa methali ya haba na haba hata kama hawajawahi kukishika. Pishi iliondoka sokoni baada ya uhuru, na hakuna aliyeandamana wala chama kilichoifanya sera. Lakini kila Ramadhani inapokaribia kwisha pishi inarudi. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula cha watu wa mji kwa kila kichwa, mkubwa na mdogo, na masheikh husimama mimbarini kuifasiri kwa kilo, huyu akisema mbili na nusu, yule akikaribia tatu. Pishi inaishi kwa sababu ibada inaihitaji. Frasila, iliyopimia karafuu na pembe za ndovu, karibu kilo 16 kwa hesabu ya leo, imekwenda na biashara yake.

Vipimo vya Mwingereza navyo vimebaki kwetu kwa mtindo huohuo. Fundi seremala wa Keko anataka mbao mbili kwa nne na misumari ya inchi nne. Fundi bomba anataka bomba la nusu inchi. Mkulima wa Mbeya analima heka tatu, ingawa serikali inaandika hekta. Mtangazaji wa mpira anapaza sauti kwamba mchezaji ameangushwa ndani ya yadi 18, na goli lenyewe ni yadi 8 kwa futi 8. Hakuna hata mmoja kati yao anayemkumbuka Malkia Victoria. Kipimo kimeshikamana na kazi, na kazi ikibadilika kitaondoka bila maombolezo. Huo naona ni uhusiano wenye afya kuliko ule wa kukifanya kipimo bendera.

Na pale ambapo sisi tunagombana kwa ajili ya vipimo, ugomvi wetu ni wa haki. Mkulima wa viazi wa Njombe anauza kwa gunia, na gunia linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa lumbesa. Analipwa bei ya gunia moja huku mnunuzi akiondoka na gunia na zaidi. Wakala wa Vipimo wa Tanzania umepigana na lumbesa miaka yote, na Kenya imeweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi. Kwa mkulima huyu kilo iliyosomwa kwenye mizani ni ngao. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa pia: mwaka 1789, katika malalamiko yaliyoandikwa kwa ajili ya mfalme, wanavijiji wengi waliomba kipimo kimoja, kwa kuwa kila bwana alipokea mavuno kwa pishi yake mwenyewe, na pishi za mabwana zilikuwa na tabia ya kukua. Mita na kilo zilizaliwa na kilio hicho. Mwingereza anayeona kilo kama amri ya wageni asome historia hiyo. Kilo ilidaiwa na wanyonge kabla ya kuandikwa na wataalamu.

Mwandishi George Orwell aliujua uchungu wa painti mapema sana. Katika riwaya yake ya 1949 juu ya nchi ya kutisha ya mwaka 1984, mzee mmoja anaingia baa akitaka painti ya bia, naye anaambiwa ipo nusu lita au lita. Nusu haimtoshi, lita inamzidi. Wapenzi wa vipimo vya kale humtaja mzee huyo mara kwa mara. Wasichokitaja ni kwamba Orwell huyohuyo aliandika insha ndefu juu ya shule ya bweni aliyopelekwa akiwa na miaka minane, shule ya zama zilezile zinazosifiwa: viboko kwa kukojoa kitandani, na masimango kwa sababu alisomeshwa kwa karo pungufu. Insha ile haikuchapishwa akiwa hai. Ilitoka Marekani mwaka 1952, miaka miwili baada ya kufa kwake. Orwell aliipenda painti na aliichukia shule. Aliweza kuifungua kamba.

Tumuweke kando yake mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na ukoloni alisimulia jinsi shule za Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, zilivyomwadhibu mtoto aliyesema Kikuyu uani: kifungo kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa au akavishwa shingoni maneno ya kumwita mjinga. Wazee wa Wales wangelitambua jambo hilo mara moja. Katika karne ya 19 watoto wao walivishwa kipande cha ubao kwa kusema Kiwelisi, na kipande hicho nacho kilipita kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Hila hiyo ilijaribiwa kwa majirani wa Mwingereza kabla ya kutumika Limuru, kwao Ngũgĩ. Ngũgĩ hakuwa mtu wa kukana alichokipata. Alisoma shule ya Alliance chini ya Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge, na kumbukumbu zake za shule hiyo zina heshima na shukrani. Lakini kumbukumbu hizohizo zinaanza na kijana anayerudi likizo ya kwanza na kukuta kijiji chao kimebomolewa. Shule na ubomoaji vilikuwa chini ya utawala mmoja, mwaka mmoja. Mwenye kuisifu ile shule na akakiacha kijiji nje ya habari amesimulia nusu.

Shule inayoliliwa zaidi Uingereza ni ile ya mtihani wa miaka kumi na moja. Sheria ya elimu ya 1944 iliifanya elimu ya sekondari kuwa ya bure, likawa jambo kubwa na jema, na utekelezaji wake ukawagawa watoto wakiwa na miaka kumi au kumi na moja. Karibu mmoja kati ya wanne au watano alikwenda shule ya wateule, yenye Kilatini na njia ya chuo kikuu. Waliobaki walikwenda shule za kawaida, wengi wakaacha wakiwa na miaka kumi na tano. Nafasi zilitegemea ulizaliwa mkoa gani. Mahali pengi msichana alihitaji alama za juu kuliko mvulana kwa kuwa nafasi za wasichana zilikuwa chache. Aliyefaulu alinunuliwa baiskeli. Aliyeshindwa aliambiwa na serikali, kabla hajabaleghe, kwamba kichwa chake ni cha daraja la pili.

Tanganyika ya miaka ya 1950 ilikuwa na kisu kikali zaidi. Mtoto wa Kiafrika alikatwa darasa la nne, na wengi waliishia hapo. Waliobaki walichujwa tena darasa la nane, tena darasa la kumi, na wachache mno wakaufikia mtihani wa Cambridge. Na huo ulikuwa mfereji wa Waafrika peke yao, kwani Wazungu na Wahindi walikuwa na shule zao. Julai 1965 serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zipange kuacha mgawanyo ule wa watoto. Machi 1967 Julius Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akishutumu shule inayowaandaa wachache kwa kuwafelisha wengi. Nchi mbili zilizokuwa mtawala na mtawaliwa zilifikia swali lilelile ndani ya miaka miwili. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi zaidi.

Wazee wetu husema wa darasa la nane wa zamani alijua Kiingereza na hesabu kuliko wa kidato cha nne wa leo. Huenda. Lakini yule wa darasa la nane alikuwa mabaki ya mchujo. Kumlinganisha na kidato cha nne kilichofunguliwa kwa kila mtoto ni kumlinganisha mteule na umma. Mwingereza anayeikumbuka shule ya wateule hufanya kosa hilohilo, maana anayesimulia daima ni aliyechaguliwa.

Turudi kwa yule msichana wa dukani, anayepiga hesabu ya yadi 7 kwa shilingi 4 na peni 9 bila kalamu. Huyo aliushindwa mtihani. Wauza maduka, makondakta wa mabasi, mama wa nyumbani waliogawa pauni chache kwa wiki nzima hadi peni ya mwisho, wengi wao walitoka katika shule za waliokataliwa. Ujuzi ule wa watu wote unaoliliwa ulikuwa mikononi mwa watu ambao shule inayoliliwa iliwaita wasiofaa. Kwa hiyo huwezi kuvililia vyote viwili kwa pumzi moja. Ukiiheshimu hesabu ile, waheshimu walioijua, na mtihani uliowadharau uuweke panapostahili.

Pesa ya zamani iliondoka na ujuzi mzuri, na huzuni yake ninaielewa. Vipimo viachiwe kazi zake. Shule ile, yao na yetu, haifai kurudi, na wanasiasa wanaotaka kuirudisha, England au huku, waulizwe wamewatengea nini wale watatu kati ya wanne.

Nawaomba walimu wa historia, watangazaji wa redio na wahariri wa magazeti yetu jambo moja. Kumbukumbu za shule za Tabora na Alliance tunazo, zimeandikwa na waliofaulu. Za waliokatwa darasa la nne ni chache mno. Rika hilo sasa lina miaka zaidi ya sabini na tano. Mwenye bibi au babu wa rika hilo akae naye mwaka huu, amuulize aliishia darasa la ngapi, nani alimwambia arudi nyumbani, na baada ya hapo alijifunzia wapi hesabu aliyoitumia maisha yake yote. Ayaandike majibu kama yalivyotamkwa.